Kosa la Kuoga kwa Upole

Machimbo ya Kemoni yalipofumuka, watu walimiminika kutoka kila pembe ya Tarime na Serengeti, na wengine wakavuka mpaka wa Sirari na sururu zao begani. Walikuja wakulima waliochoshwa na mahindi, walimu waliochoshwa na watoto wa watu, na mwinjilisti mmoja aliyesema amekuja kuhubiri, lakini wiki ya pili akaonekana akitoka shimoni ana udongo mpaka kwenye kope. Dhahabu haikumtajirisha hata mmoja wao kwa kiasi cha kusimuliwa. Udongo, huo kila mtu aliupata.

Na udongo wa Kemoni ulikuwa balaa. Ulikuwa mwekundu, wa kunata, na ukitoka nao shimoni ukakutana na vumbi la mashine za kusaga mawe, basi unaganda mgongoni na kuanza kuwasha. Mkono wa mtu haufiki katikati ya mgongo wake mwenyewe, ndivyo tulivyoumbwa. Kwa hiyo jioni wanaume walishuka mtoni, wakavua kila kitu, wakasuguana migongo. Hakuna aliyeomba. Ulimpa mwenzako mgongo, ukasubiri, mkono ukaja.

Ila mto ule ulikuwa na adabu zake, na adabu zenyewe zilikuwa za Kikurya. Vijana waliotahiriwa msimu mmoja ni saro moja, na watu wa saro moja hawaoneani haya mpaka wazikane. Kila saro ilikuwa na jiwe lake upande wa juu. Chini ya maporomoko madogo ndipo walipooga wavulana ambao hawajapita kisuni. Na pamoja na wavulana hao walipangiwa kuoga Wajaluo wote wa machimbo, kwa sababu wao kwa mila yao hawatahiri, na machoni pa Mkurya mtu asiyetahiriwa ni mvulana hata awe na wajukuu. Wajaluo walicheka tu, wakaoga maji ambayo wakubwa walikwisha kuyachafua. Wanawake walikuwa na mahali pao, nyuma ya kona ya mto.

Mseti alikuwa mtu wa Nyamwaga, na kazi yake ilikuwa kufunga magogo ndani ya shimo ili kuta zisiwaangukie wachimbaji. Jiwe lake lilikuwa lile pana, la saro ya akina Kisyeri. Siku ya kisu, Kisyeri alisimama mbele na Mseti akamfuata nyuma yake. Damu ya Kisyeri haijakauka kwenye kisu, kikamfikia yeye. Watu wa namna hiyo hapo kwao ni zaidi ya ndugu, maana ndugu unazaliwa naye bila kuulizwa.

Juu ya shimo, kwenye kamba, alikaa Omondi. Mjaluo huyu alitoka upande wa Migori, mrefu, mchache wa maneno, na kazi yake ilikuwa kumshusha Mseti shimoni asubuhi na kumpandisha jioni. Mseti alimpenda Omondi, na Omondi alimpenda Mseti. Lisemwe mapema, msomaji asihangaike kulitafuta. Walipendana kama mume na mke wanavyopendana pale wanapobahatika, na mapenzi yao yalikaa ndani ya kibanda cha turubai chenye mlango wa kufunga kwa waya. Hakuna mtu aliyewahi kuona kitu. Wawili hao walikuwa waangalifu kuliko walinzi wa mkuu wa mkoa, na hilo ndilo linalouma kuliko yote, kwa sababu hawakukamatwa kwa walilolificha. Walikamatwa kwa lile ambalo kila mwanaume wa Kemoni alilifanya kila jioni mbele ya wenzake.

Ilianza kamba ilipomtoroka Omondi mikononi. Gunia la mawe lilikuwa zito, mguu ukateleza, na badala ya kuiachia akaing'ang'ania, kwa sababu chini ya lile gunia alikuwepo Mseti. Kamba ikamchuna ngozi ya viganja vyote viwili. Jioni hiyo alisimama kwenye maji ya wavulana, mikono kaiinua juu, udongo umemganda mgongoni na kifuani, na hawezi kushika hata sabuni.

Mseti alimwona kutoka kwenye jiwe lake. Angeweza kuvaa kwanza. Angeweza kumwita mvulana mmoja, akamwambia, hebu msaidie Omondi. Hakufikiri hata kidogo. Alishuka alivyo, uchi, sabuni mkononi, akapita mbele ya mawe yote ya saro zote, akavuka maporomoko, akaingia kwenye maji ya wavulana na kumwosha Omondi mgongo.

Huku juu mikono yote ilisimama. Mwanaume aliyepita kisuni hashuki kule. Kama kuna sheria ya mto iliyowahi kutungwa, ni hiyo.

"Mura!" Kisyeri alipiga kelele, wanavyoitana vijana wa Kikurya. "Umerudi utotoni? Ulikatwa au ulichanjwa tu?"

Mto mzima ukaangua kicheko. Mseti naye akacheka, akaendelea kusugua. Alidhani kicheko ndio mwisho wa jambo, maana kwao wanaume hucheka ya kucheka wakasahau. Kesho yake akashuka tena, na kesho kutwa, mpaka viganja vya Omondi vikapona. Akarudi kwenye jiwe lake, akampa Kisyeri mgongo, na Kisyeri akausugua kama kawaida. Lakini maneno yalikwisha kuanza. Yalianzia mtoni, yakaenda kwenye vilabu vya pombe, yakakaa kwenye benchi la Mama Abonyo aliyeuza chai na maandazi kwenye njia ya kushukia mtoni, na huko yalipata kila kitu yalichohitaji ili yanenepe.

"Mimi nimewaambia," Mama Abonyo alisema, "kama kumwosha mgonjwa ni dhambi, basi manesi wote wataungua." Watu walicheka, wakanywa chai yake, wakaondoka na maneno yao.

Kisha likatangazwa kwamba kuna kiongozi mkubwa anakuja kutembelea machimbo. Amri ikashuka kabla yake, kama ilivyo desturi: machimbo yasafishwe. Kila asubuhi koplo wa kituo kidogo cha polisi alitakiwa aonyeshe alichosafisha. Alianza na wapika gongo, lakini wapika gongo walikuwa wanamuuzia yeye mwenyewe. Akaenda kwa wanawake wa vilabuni, akakuta baadhi yao wanawajua wakubwa wake kwa majina ya utani. Ndipo akakumbuka mto.

Alifika jioni na mgambo wawili. Mbele yake palikuwa na wanaume zaidi ya hamsini, wote uchi kama walivyozaliwa, wanasuguana na kupigana makofi ya mgongo na kuimba nyimbo ambazo haziimbwi mbele ya mama mkwe. Kama alikuja kukamata walio uchi, kazi ilikuwa imemsubiri imepanga foleni. Koplo aliwatazama wote, akapita katikati yao, akamwambia mgambo, "Yule. Na yule Mjaluo wa kule chini."

Hata hawakuwa pamoja jioni hiyo. Mseti alikuwa kwenye jiwe lake, mgongo kampa Kisyeri, na povu la Kisyeri lilikuwa bado mabegani mwake alipofungwa pingu.

Kituoni Mseti aliuliza kosa lake.

"Kufanya kitendo cha aibu mahali pa wazi," koplo alisema.

"Kitendo gani, afande?"

"Cha aibu."

"Ndiyo, lakini kipi?"

"Unakijua mwenyewe. Usinifanye nikitaje mimi, nina watoto."

"Afande, mimi nilikuwa naoga. Watu wote walikuwa wanaoga."

Koplo hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi yake ya siku. "Sheria imesema cha aibu," alisema. "Haikusema zaidi. Aibu iko wapi, hiyo mimi ndiye ninayeiona."

Omondi alikuwa ameketi sakafuni upande wa pili, makovu mapya mekundu viganjani. Mseti alitaka kumtazama, akajizuia. Tangu siku hiyo hata kumtazama kuligeuka kitu cha kuhesabiwa. Alijipa moyo kwa jambo moja: kesi itakwenda mahakama ya mwanzo, na pale mshtakiwa anaruhusiwa kuita mashahidi. Yeye alikuwa na saro nzima. Wasimame tu wamwambie hakimu ukweli usiohitaji ushujaa wowote, kwamba Kemoni wanaume wote huoga uchi na wote husuguana migongo, na kesi itakufa hapo hapo. Usiku ule alilala vizuri. Ni aibu kusema, lakini alilala kama mtoto.

Siku ya kesi walikuja kweli. Walikuja wote, na mashati yaliyofuliwa, wakajaza mabenchi, na Mseti alipowaona akaanza kuwahesabu kwa furaha. Omondi alikuwa na mtu mmoja tu, mjomba wake Okumu aliyetoka Migori, ambaye alikaa nyuma kabisa na kofia yake magotini, akiitazama sakafu.

Hakimu alikuwa mtu wa makamo mwenye mafua, na kando yake walikaa wazee wawili wa baraza. Alimuuliza koplo aeleze alichokiona.

"Mheshimiwa, washtakiwa walikuwa wanaogeshana."

"Wakiwa peke yao?"

"Hapana, mheshimiwa. Palikuwa na watu wengine wanaoga."

"Hao wengine walikuwa wamevaa?"

Koplo alikohoa. "Mheshimiwa, wengine walikuwa wanaoga kikawaida."

"Na hawa?"

"Hawa waliogeshana kwa namna."

"Namna gani?" Hakimu alishusha kitambaa chake cha mafua. "Mahakama haiwezi kuandika 'kwa namna'. Eleza."

Koplo alifikiri. Ukweli ni kwamba hakuwa ameona chochote, na kile alichosimuliwa kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani. Akatafuta, akatafuta, mwisho akakipata.

"Kwa upole, mheshimiwa," alisema.

Mzee mmoja wa baraza akatikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba ameambiwa habari ya mauaji.

"Wenzao wanasuguana kwa nguvu," koplo aliendelea, sasa amepata njia. "Wanaume. Huyu alikuwa anamsugua mwenzake polepole. Kama anamwonea huruma."

Hakimu akaandika. Aliandika kweli, kwa kalamu ya serikali, na Mseti akiwa amesimama kizimbani alijaribu kukumbuka kama kweli alimsugua Omondi polepole. Ndiyo. Mikono ya mtu ilikuwa imechunika kwa ajili yake. Alitaka amsugueje?

Ikafika zamu ya mashahidi wake. Akamwita Kisyeri. Kisyeri alipanda, akaapa, akashika ukingo wa kizimba kwa mikono ile ile.

"Kabla hujajibu," hakimu alimwambia, "ujue kwamba anayekiri hapa kuwa uchi mahali pa wazi, amekiri kosa. Koplo yuko hapo."

Koplo alikuwa pale. Alikuwa amekaa karibu na mlango, na aliwatazama watu wa saro mmoja mmoja, bila haraka. Mseti aliona shingo za wenzake zikiinama, lakini bado hakuogopa. Huyu ni Kisyeri, alijiambia. Kisyeri huyu huyu.

"Ndugu yangu," Mseti alisema, "waambie jinsi tunavyooga Kemoni."

Kisyeri alilamba midomo. "Tunaoga na kaptula," alisema.

"Na migongo? Nani anakusugua mgongo?"

"Kila mtu anajisugua mwenyewe."

"Mkono unafikaje, mura?"

"Tunatumia dodoki," Kisyeri alisema. "Lenye kamba."

Mwanamke mmoja aliguna kwa nguvu nyuma. Alikuwa Mama Abonyo. "Kaptula?" alisema, na alikuwa amekwisha kusimama. "Kaptula tangu lini? Mheshimiwa, mimi nakaa njia ya mto, nauza chai. Hao wote nimewaona mbele na nyuma mpaka nimechoka. Nimelalamika kwa mwenyekiti wa kitongoji, waulize! Mwenyekiti akaniambia nigeuze benchi langu litazame upande mwingine! Hakuna aliyekamatwa. Na hata wewe afande, magwanda yako—"

"Kaa chini," hakimu alisema.

"—magwanda yako mimi nakijua kichaka yanapotundikwa!"

Mahakama ilicheka mpaka hakimu akagonga meza. Aliuliza mwanamke huyu ni nani, akaambiwa ni Mjaluo, na hakimu akasema basi ni mtu wa kabila la mshtakiwa wa pili, na isitoshe ni mwanamke anayetazama wanaume wakioga, naye ashukuru haongezwi kwenye kesi. Mgambo wakamtoa nje. Alitoka akisema kwa Kijaluo maneno ambayo hakuna aliyethubutu kuyatafsiri.

Mseti alibaki na swali moja tu. Hakulipanga. Lilitoka.

"Kisyeri, mimi na wewe si saro moja? Kisu hakikutoka kwako kikaja kwangu?"

Kisyeri alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba aachwe. "Tulitahiriwa msimu mmoja," alisema. "Lakini kisu hakikuwa kimoja."

Kwa Mkurya hakuna namna ya kulieleza neno hilo kwa mgeni likapata uzito wake. Kaptula ni uongo wa mtu mwoga, na Mseti angeweza kuusamehe kabla ya jua kuzama. Lakini hili la kisu lilimtoa kwenye damu. Kisyeri alishuka, na wengine wa saro hawakuhitaji kupanda. Walikubaliana naye kwa vichwa, benchi zima.

Walipewa miezi mitatu kila mmoja, na hakimu akasema amewahurumia. Gerezani waliwekwa vyumba tofauti kwa amri maalumu. Mama yake Mseti, Mokami, alikuja mara moja, hakukaa. Alimweleza kwamba ng'ombe waliokuwa wa mahari yake wamekwenda kumwolea mdogo wake mke, akamwachia ndizi mbivu, akafuta macho kwa upindo wa kanga. Siku ya kutoka, mjomba Okumu alikuwa anasubiri langoni tangu asubuhi. Alimshika Omondi mkono juu ya kiwiko.

"Twende," alimwambia. "Na usigeuke. Ukigeuka, sina mpwa."

Omondi hakugeuka. Alitembea mpaka kwenye kona ya barabara, mrefu vile vile, na kabla ya kupotea alikunja mkono wake uliokuwa huru nyuma ya mgongo na kufungua kiganja, kile chenye kovu la kamba. Alikiacha wazi hivyo mpaka kona ikammeza. Mseti alisimama pale na kulia mchana kweupe, na kulia nako huenda ni kosa mahali pa wazi, lakini askari wa lango alikuwa anakula.

Alirudi Kemoni kwa sababu hakuwa na pengine. Jioni akashuka mtoni.

Mto ulikuwa ule ule. Kaptula hazikuwepo. Madodoki hayakuwepo. Wanaume walikuwa uchi juu ya mawe yao, wanasuguana, wanapigana makofi, wanaimba. Kwenye kichaka kando ya jiwe la saro yake palikuwa pametundikwa magwanda ya polisi yaliyokunjwa kwa unadhifu, na kwenye maji, kashika magoti yake, kichwa kainamisha, koplo alikuwa anasuguliwa mgongo. Aliyekuwa anamsugua ni Kisyeri. Alimsugua taratibu, kwa uangalifu, akizunguka kipele kilichokuwa begani asikiumize.

Mseti alivua nguo zake. Aliingia majini mpaka kwenye jiwe lake, akapita kati ya watu wa saro yake, akasimama mbele ya Kisyeri. Alimgeuzia mgongo, akasubiri.

Kisyeri aliacha kusugua. Nyimbo zikafa moja moja. Kwa mila ya mto ule, mgongo uliopewa haukataliwi. Hata maadui husugua kwanza ndipo wapigane. Mseti alisikia maji yakitikisika nyuma yake, akadhani ni mkono unakuja. Zilikuwa hatua. Mmoja alitoka, na mwingine, na mwingine, na povu lao masikioni, wakavaa suruali juu ya miili iliyolowa.

Koplo alikuwa wa mwisho. Alifunga mkanda, akavaa kofia, na povu likamtiririka shingoni mpaka kwenye kola.

"Vaa nguo," alimwambia Mseti. "Hapa ni mahali pa wazi."

Kisha naye akaenda. Mseti alibaki peke yake kwenye mto wote. Alichukua sabuni waliyoisahau juu ya jiwe, akajisugua mikono, kifua, miguu, na mgongo mpaka alipofika. Katikati pakabaki na udongo.